Hoki ya Barafu ya Chuo Kikuu cha Cornell: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Cornell iko wapi, na timu yake inajulikana kwa jina gani?

Cornell ni chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1865 katika mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York, juu ya kilima kinacholitazama Ziwa Cayuga. Jimbo hilo ni kubwa, na anayetoka jiji la New York kwenda Ithaca husafiri kwa gari zaidi ya saa 4. Timu zote za michezo za chuo hiki huitwa Big Red, kwa sababu ya rangi nyekundu ya jezi zao. Ukurasa huu unahusu zaidi timu ya wanaume ya hoki ya barafu, iliyotwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1967 na mwaka 1970, ingawa timu ya wanawake nayo ina historia inayostahili kusimuliwa na imepewa nafasi yake hapa chini.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, hoki ya barafu huchezwaje?

Kila timu huwa na wachezaji 6 uwanjani kwa wakati mmoja, kipa akiwa miongoni mwao, na wote huvaa viatu vyenye ubao mwembamba wa chuma chini ya soli, ambao huwawezesha kuteleza kwa kasi juu ya barafu. Badala ya mpira wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, kwa fimbo ndefu iliyopinda mwishoni. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20 kila kimoja. Mchezaji anayefanya kosa hutolewa nje kwa dakika 2 au zaidi, na timu yake hulazimika kucheza na pengo. Wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 40 au 50 bila mchezo kusimama, kwa sababu kasi yake haimruhusu mtu kukaa uwanjani muda mrefu na akabaki na nguvu. Mtu akishayajua hayo, ataweza kuifuata mechi yoyote bila shida.

Mchezo huu ulianzaje Cornell?

Ulianzia ziwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi walicheza juu ya Ziwa Beebe, bwawa dogo lililomo ndani ya eneo la chuo, lililokuwa likiganda wakati wa baridi. Mwaka 1911 timu iliyofundishwa na Talbot Hunter ilishinda mechi zake zote 10 na kuhesabiwa kuwa bingwa wa vyuo, miaka mingi kabla NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, hakijaanzisha mashindano ya kitaifa ya hoki. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1947 kocha alikuwa Nick Bawlf, na katika muda wote huo ratiba ya timu iliamuliwa na hali ya hewa: barafu ikiwa nyembamba hakukuwa na mazoezi, na jua likitoka mapema mechi iliahirishwa au ilifutwa kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 chuo kiliifunga timu. Barafu ya Beebe haikutegemeka tena, na haiwezekani kuwaalika wapinzani waje kucheza mahali ambapo huna hakika kama kesho patakuwa na barafu au maji. Kwa takriban miaka 10 Cornell haikuwa na timu ya chuo ya hoki. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, lakini ni muhimu kulikumbuka, kwa maana timu iliyokuja kuitikisa Marekani mwaka 1967 ilikuwa imeanza upya kutoka sifuri muongo mmoja tu kabla ya hapo.

Lynah Rink ni nini, na kwa nini hutajwa kila mara?

Lynah Rink ndiyo nyumba ya timu. Ni jengo lililofunguliwa mwaka 1957, likapewa jina la James Lynah, mhitimu wa Cornell aliyewahi kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Kwa mara ya kwanza Cornell ilipata barafu inayotengenezwa kwa mashine, chini ya paa, na msimu wa 1957–58 timu ikarudi uwanjani.

Ukumbi huu si mkubwa. Hata baada ya kupanuliwa mwaka 2006 unachukua watu wapatao 4,300 tu, idadi ambayo baadhi ya vyuo vya Magharibi ya Kati ya Marekani wangeiona ni ya uwanja wa mazoezi. Lakini paa lake ni la chini, mashabiki wako karibu kabisa na barafu, na wanafunzi hawakai: husimama kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mechi. Kengele ya ng'ombe hupigwa kwa mdundo maalumu, na ukumbi mzima huujibu. Wachezaji wa timu ngeni wanapotajwa majina kabla ya mechi, wanafunzi hufunua magazeti na kujifanya wanasoma, kila mmoja akiwa ameuficha uso wake nyuma ya karatasi, kana kwamba hakuna jambo lolote la maana linaloendelea mbele yao. Linapotajwa jina la mwisho, magazeti hukunjwakunjwa na kutupwa, na kelele huanza. Kipa mgeni aliyeteleza hadi golini kwake, peke yake, huku umati mzima ukimpa mgongo wa gazeti, huwa ameanza kupungukiwa na kitu kabla kisahani hakijaguswa.

Kati ya mwaka 1967 na 1972 Cornell ilishinda mechi 63 mfululizo katika ukumbi huo. Wako wanaosema ni kelele, na wako wanaosema ni wachezaji. Kwa maoni yangu kelele zilikuja kwa sababu ya wachezaji, kisha zikabaki hata pale wachezaji walipokuwa wa kawaida, na hiyo ndiyo hazina ambayo timu hii imeachiwa na kizazi kile.

Ned Harkness alikuwa nani?

Bila yeye ukurasa huu usingekuwepo. Harkness alizaliwa Ottawa, Kanada, na kabla ya kufika Ithaca mwaka 1963 alikuwa ameijenga timu ya chuo cha RPI, katika jimbo hilohilo la New York, hadi ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1954. Alipoibebesha Cornell kombe mwaka 1967, akawa kocha wa kwanza kushinda ubingwa wa NCAA wa hoki akiwa na vyuo viwili tofauti. Alifundisha pia mchezo wa lakrosi, na huko nako timu zake hazikuzoea kushindwa.

Njia yake haikuwa na siri kubwa. Alivuka mpaka na kwenda kuwatafuta vijana wa Kanada waliokuwa na uwezo wa hoki na alama za darasani zinazotosha kuingia Cornell, akazungumza na wazazi wao jikoni kwao, na akawaeleza kwamba mtoto wao anaweza kucheza mchezo anaoupenda na bado akarudi na shahada inayoheshimika. Enzi hizo ligi kuu ya kulipwa ilikuwa na timu 6 tu, na kijana wa Kanada aliyetaka kufika huko alishauriwa aache shule mapema. Harkness aliwapa familia hizo njia nyingine. Katika misimu 7 aliyokaa Cornell alishinda mechi 163, akashindwa 27 na kutoka sare 2. Mwaka 1970 aliondoka kwenda kuifundisha Detroit Red Wings, timu ya kulipwa, na baadaye akarejea katika hoki ya vyuo. Alifariki mwaka 2008.

Je, ni kweli kwamba Ken Dryden alisoma Cornell?

Ni kweli, na ndiye mchezaji wake mashuhuri kuliko wote. Dryden, mzaliwa wa Hamilton katika jimbo la Ontario, alichaguliwa na Boston Bruins, timu ya ligi kuu ya kulipwa, mwaka 1964 na haki zake zikahamishiwa Montreal Canadiens ya ligi hiyohiyo, lakini yeye aliamua kwanza kwenda chuo. Kanuni za wakati ule hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuichezea timu kuu, kwa hiyo alikaa golini kwa misimu 3, kuanzia vuli ya 1966 hadi majira ya kuchipua ya 1969. Katika misimu hiyo alishinda mechi 76, akashindwa 4 na kutoka sare 1.

Alikuwa mrefu mno kwa kipa wa enzi zake, zaidi ya mita 1.9, na mchezo uliposimama alikuwa na mazoea ya kuisimamisha fimbo yake wima juu ya barafu, akaegemeza mikono juu yake na kidevu juu ya mikono, akitazama mbali kama mkulima aliyepumzikia mpini wa jembe. Picha hiyo ndiyo iliyochongwa katika kumbukumbu za watu wa Montreal, lakini Ithaca waliiona kwanza.

Mwaka 1971, akiwa amecheza mechi 6 tu za msimu wa kawaida katika ligi kuu, alikabidhiwa goli la Montreal katika hatua ya mtoano, akalipeleka nyumbani kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo, na kutajwa mchezaji bora wa mtoano ule. Alitwaa kombe hilo mara 6 kwa jumla, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha McGill, na baadaye akawa mbunge na waziri katika serikali ya Kanada. Alifariki tarehe 5 Septemba 2025. Jezi yake namba 1 ilistaafishwa na Cornell mwaka 2010, pamoja na namba 25 ya Joe Nieuwendyk.

Ubingwa wa kwanza ulipatikanaje?

Mashindano ya mwisho ya mwaka 1967 yalifanyika Syracuse, karibu kabisa na nyumbani, na wakati huo ni vyuo 4 tu vilivyoalikwa nchi nzima. Katika nusu fainali Cornell iliifunga North Dakota bao 1–0, Dryden akikataa kila kitu golini, kisha katika fainali ikaifunga Boston University 4–1. Kilikuwa chuo cha kwanza miongoni mwa vile 8 vya Ligi ya Ivy, kundi la vyuo vya kale vya kaskazini mashariki mwa Marekani, kutwaa ubingwa wa taifa wa hoki, na hadi leo ni Harvard mwaka 1989 na Yale mwaka 2013 tu waliofuata. Kwa watu waliokuwa wamezoea kuona kombe likibaki Michigan, Colorado au North Dakota, hili lilikuwa jambo geni.

Msimu wa 1969–70 una nini hasa hata uzungumzwe kila mwaka?

Timu ilicheza mechi 29 na ikashinda zote 29. Haikushindwa, haikutoka sare. Katika historia ya ubingwa wa NCAA wa hoki ya wanaume, ulioanza mwaka 1948, hakuna bingwa mwingine aliyemaliza msimu akiwa ameshinda kila mechi.

Lakini tarakimu hizo hazieleweki vizuri bila kuanzia mwaka uliotangulia. Machi 1969, katika fainali iliyochezwa Colorado Springs, Denver iliifunga Cornell 4–3. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Dryden akiwa mwanachuo. Watu wengi waliamini kwamba mlango umefungwa: kipa bora kuliko wote alikuwa anaondoka, na nafasi yake ilikuwa inachukuliwa na Brian Cropper, kijana mfupi ambaye kwa kimo alikuwa kinyume kabisa cha mtangulizi wake. Ingekuwa rahisi kwa timu kujiambia kwamba mwaka huo ni wa kujenga upya. Badala yake ulinzi mbele ya Cropper ukakazwa, na Cropper mwenyewe akathibitisha kwamba kimo si kitu kwa kipa mwepesi anayejua pa kusimama.

Mtu wa kumtazama katika kikosi kile alikuwa Dan Lodboa. Alikuja chuoni akiwa mshambuliaji, naye Harkness akamrudisha nyuma awe beki, uamuzi ambao mchezaji mwingine angeuona ni adhabu. Harkness alitaka mtu mwenye kasi ya kuanzisha mashambulizi kutoka nyuma, na hapo akawa ametengeneza silaha ambayo wapinzani hawakujua wamkabidhi nani ailinde.

Mechi zikapita moja baada ya nyingine. Zilizokuwa ngumu zaidi zilikuwa za mwishoni, kama kawaida. Katika fainali ya ECAC, ligi ya vyuo vya mashariki, iliyochezwa Boston, Clarkson, chuo kingine cha jimbo la New York, ilikuwa inaelekea kuupeleka mchezo katika muda wa nyongeza hadi John Hughes alipofunga bao la 3–2 zikiwa zimebaki sekunde chache. Katika nusu fainali ya taifa Cornell iliishinda Wisconsin kwa 2–1 tu. Kisha, tarehe 21 Machi 1970, katika mji wa milimani wa Lake Placid, Clarkson ikasimama tena mbele yao.

Clarkson haikuogopa jina la mtu. Vipindi viwili vilipomalizika matokeo yalikuwa 3–3, na mechi 28 za ushindi zilikuwa zinaning'inia kwenye dakika 20. Hapo Lodboa, beki, akafunga mabao 3 peke yake katika kipindi cha mwisho. Clarkson ilipata moja, na mechi ikaisha 6–4. Nimesoma maelezo mengi ya fainali za vyuo, na sijui nyingine ambayo msimu mzima usio na doa uliokolewa kwa namna hiyo na mtu ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kuzuia.

Je, hakuna timu nyingine iliyokaribia?

Zipo. Clarkson yenyewe ilishinda mechi zake zote 23 katika msimu wa 1955–56, lakini haikwenda kwenye mashindano ya NCAA kwa sababu baadhi ya wachezaji wake hawakuruhusiwa na kanuni kushiriki, na chuo kikachagua kubaki nyumbani kuliko kuwaacha wenzao. Maine ilitwaa ubingwa wa 1993 ikiwa imeshinda mechi 42, imeshindwa 1 na kutoka sare 2. Kwa upande wa wanawake, Minnesota ilishinda mechi zote 41 katika msimu wa 2012–13, na heshima hiyo ni yao bila mjadala. Ndiyo maana rekodi ya Cornell inapotajwa ni vyema kutaja pia kwamba ni ya mashindano ya wanaume.

Chuo chenyewe kilikuwa katika hali gani wakati huo?

Kilikuwa katika msukosuko mkubwa, na haifai kuisimulia timu kana kwamba iliishi mahali pake peke yake. Aprili 1969, mwezi mmoja tu baada ya fainali dhidi ya Denver, wanafunzi Weusi wa Cornell walilikalia jengo la Willard Straight wakidai kutendewa haki na kuanzishwa kwa masomo yanayohusu Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Matokeo ya harakati hizo yalikuwa kituo cha Africana, kilichofunguliwa vuli ya mwaka huohuo chini ya James Turner. Tarehe 1 Aprili 1970, siku 11 baada ya ushindi wa Lake Placid, jengo la kituo hicho liliteketezwa kwa moto. Kituo hakikufa, kilihamia mahali pengine, na hadi leo kiko hai na kinafundisha Kiswahili. Msomaji wa lugha yetu atakayebahatika kusoma huko atakuta hoki na Kiswahili viko katika kilima kimoja, na vyote viwili vinaukumbuka mwaka uleule kwa namna tofauti kabisa.

Nini kilifuata baada ya Harkness kuondoka?

Chuo kilimkabidhi timu Dick Bertrand, aliyekuwa mmoja wa manahodha wa kikosi cha 1970. Yaani mtu aliyekuwa akivua jezi mwezi Machi ndiye aliyeshika filimbi vuli iliyofuata, akiwa amewazidi umri wachezaji wenzake kwa sababu alichelewa kuingia chuoni. Alifundisha hadi 1982 na kuifikisha timu katika hatua ya nne bora mara 3. Mwaka 1972 ilipoteza fainali kwa Boston University, 4–0. Mwaka 1973 iliongoza nusu fainali dhidi ya Wisconsin kwa mabao 4–0, ikasawazishiwa katika sekunde za mwisho na kufungwa 6–5 katika muda wa nyongeza, kidonda ambacho wazee wa Ithaca hawapendi kikunwe. Mwaka 1980 iliingia mtoano wa ECAC ikiwa ya 8 na ikautwaa ubingwa.

Katika miaka ya 1980 alipita Joe Nieuwendyk kutoka Oshawa, aliyecheza Cornell misimu 3 kabla ya kwenda Calgary. Huyu alitwaa kombe la Stanley akiwa na timu 3 tofauti, Calgary mwaka 1989, Dallas mwaka 1999 na New Jersey mwaka 2003, pamoja na dhahabu ya Olimpiki akiwa na Kanada mwaka 2002.

Kwa nini Cornell haijautwaa tena ubingwa wa taifa tangu 1970?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na majibu ya haraka haraka humkosea heshima kila aliyevaa jezi hiyo baada ya 1970. Kwanza, mashindano yenyewe yamebadilika: zamani vyuo 4 vilialikwa na bingwa alishinda mechi 2, ilhali leo vyuo 16 huingia na bingwa hana budi kushinda mechi 4 mfululizo, kila moja ikiwa ya kufa au kupona. Pili, vyuo vya Ligi ya Ivy havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Mpinzani anaweza kumwahidi kijana kwamba hatalipa chochote kwa sababu ni mchezaji. Cornell humsaidia kwa kadiri ya hali ya kifedha ya familia yake tu, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Tatu, vyuo vya Ivy huanza msimu wakiwa wamechelewa, wakati wengine wamekwisha kucheza wiki kadhaa.

Nne, na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, njia aliyoifungua Harkness haikubaki yake. Vyuo vingine navyo vilijifunza kuvuka mpaka na kubisha hodi nyumba zilezile.

Hata hivyo timu imefika karibu mara nyingi. Mwaka 2003, ikiwa na kipa David LeNeveu na ulinzi uliokaza kama kamba ya ngoma, ilifika nne bora na kufungwa 3–2 na New Hampshire. Mwaka 2006, huko Green Bay, ilicheza na Wisconsin mechi ambayo haikupata bao hata moja hadi muda wa nyongeza wa tatu, ndipo Wisconsin ikafunga. Vipa wote wawili walikuwa wamekesha golini kwa muda unaokaribia mechi mbili kamili. Mwaka 2024 ilibakiza mechi moja kufika nne bora, ikafungwa 2–1 na Denver, ambayo ndiyo iliyolibeba kombe.

Kwa nini samaki hurushwa uwanjani Harvard inapocheza Ithaca?

Kwa sababu ya kuku. Cornell ina chuo cha kilimo, na watu wa Harvard walikuwa wakiwatania kwa hilo. Mwaka 1973, timu ilipocheza ugenini kwa Harvard, kuku alirushwa kwa kipa wa Cornell, Dave Elenbaas. Harvard iko jirani na Boston, mji wa wavuvi, na mashabiki wa Cornell hawakukawia kulipa: wapinzani hao walipokuja Lynah walipokelewa kwa samaki. Desturi imeendelea kutoka kizazi hadi kizazi. Waamuzi wanaweza kuiadhibu timu ya nyumbani vitu vikirushwa mchezo ukiwa umeanza, kwa hiyo samaki huwahi kabla ya hapo, na wahudumu wenye sepetu huingia kusafisha barafu huku harufu ikiwa tayari imeenea hadi ngazi za juu.

Na timu ya wanawake?

Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na chini ya kocha Doug Derraugh imekuwa miongoni mwa timu zinazohesabika nchini. Mwaka 2010 ilifika fainali ya taifa na kufungwa 3–2 na Minnesota Duluth katika muda wa nyongeza wa tatu. Ilirudi katika nne bora mwaka 2011, 2012, 2019 na 2025. Katika kikosi cha Kanada kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki huko Sochi mwaka 2014 walikuwemo wanawake 4 waliosoma Cornell: Rebecca Johnston, Brianne Jenner, Laura Fortino na Lauriane Rougeau.

Nini kilitokea mwaka 2020?

Miaka 50 kamili baada ya Lake Placid, timu zote mbili za Cornell zilikuwa zinashika nafasi ya kwanza nchini kwa wakati mmoja. Wanaume walikuwa wameshinda mechi 23, wameshindwa 2 na kutoka sare 4. Wanawake walikuwa wameshinda 28, wameshindwa 2 na kutoka sare 3. Tarehe 12 Machi 2020, kwa sababu ya korona, NCAA ilifuta mashindano yote. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa, na uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini wachezaji wa mwaka wa nne walikabidhi vifaa vyao bila kujua wangefika wapi, na sioni hasara ya kimichezo iliyo nzito kuliko hiyo katika historia ya chuo hiki, nzito kuliko hata ile ya Wisconsin ya 1973, kwa sababu wale wa 1973 angalau walicheza.

Ni nani anayeifundisha timu ya wanaume sasa?

Ni Casey Jones, aliyeichezea Cornell mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kuifundisha Clarkson. Alimrithi Mike Schafer, nahodha wa zamani aliyeiongoza timu tangu mwaka 1995. Kati ya mataji 14 ya ECAC ambayo Cornell ilikuwa nayo hadi Machi 2025, nusu yake, yaani 7, yalipatikana chini ya Schafer. La mwisho lilipatikana Lake Placid, mji uleule wa 1970, dhidi ya Clarkson ileile. Wiki iliyofuata, huko Toledo, vijana wake waliiondoa Michigan State, iliyokuwa ikipewa nafasi kubwa, kwa 4–3, kisha wakafungwa 3–2 na Boston University katika muda wa nyongeza. Schafer alikuwa ametangaza kabla ya msimu kwamba atastaafu, kwa hiyo bao hilo ndilo lililoimaliza kazi yake ya miaka 30, mbele ya chuo kilekile ambacho Cornell ilikifunga Syracuse mwaka 1967 ilipolibeba kombe lake la kwanza.